Bi Ngiri na Dalali wa Mashimo

Paukwa.

Pakawa.

Mlangoni pana nani?

Pana mwenye masikio.

Aingie au akae nje?

Aingie, mradi hatozwi.

Haya, wenye masikio, ingieni mkae. Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maneno yangu hayapendi kushindana na meno.

Hapo kale, kale ya kale, kabla bibi yangu hajazaliwa na kabla bibi yake hajapata wa kumzaa, palikuwa na nyika ikiitwa Kikweta. Ardhi ya Kikweta ilikuwa ngumu kama kigae. Mchana jua linachoma, usiku Chui anatembea. Kwa hiyo wanyama wa Kikweta walilala ndani ya mashimo. Shimo ndiyo nyumba, shimo ndiyo ngome, na asiyekuwa na shimo alikuwa chakula cha mwenziwe.

Zamani hizo mtu hakuuliza bei. Anakuta shimo, anapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anaingia, analala.

Basi, palikuwa na Bi Ngiri. Alikuwa na watoto watatu na mume hana. Mume alikuwa ngiri dume kama ngiri dume wote, akishazaa anakumbuka ana safari. Bi Ngiri hakumlilia. Alikuwa na shimo lake zuri, na mwenye shimo zuri halilii jitu.

Siku moja Nyati akapita juu ya shimo lile bila kutazama anapokanyaga. Paa likaanguka. Bi Ngiri na wanawe walikuwa malishoni, kwa hiyo hakufa mtu, ila nyumba ikawa mchanga.

Bi Ngiri akatazama juu. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa upande wa mashariki, meusi, mazito. Akatazama chini. Watoto wake walikuwa wadogo, manyoya hawana, na mtoto wa ngiri akinyeshewa usiku kucha, asubuhi hainuki. Na yeye kuchimba nyumba hajui. Ngiri huchimba chakula kwa pua, nyumba hupewa na Mungu.

Akasema, "Twendeni tukatafute shimo."

Kila aliyemwuliza alimjibu neno moja, "Kamwone Nyani."

Nyani alikuwa amekuwa dalali. Ilianza kiangazi kile kile. Alikaa juu ya kichuguu, ana fimbo mkononi, anawaambia wapita njia, "Shimo lile lina mwenyewe. Na lile lina mwenyewe. Mwenyewe yuko safarini, ameniachia mimi." Wa kwanza akampa kiganja cha ndago, vile viazi vidogo vya nyasi, ili yaishe. Wa pili akaona wa kwanza ametoa, akatoa fungu zima. Wa tatu akaogopa kukosa, akatoa mafungu mawili. Hivyo hivyo bei ikapanda kama moto wa nyasi, na hakuna aliyejua nani ameuwasha.

Na Nyani mwenyewe alilala wapi? Mtini. Maisha yake yote hajalala shimoni hata siku moja.

Bi Ngiri akafika kichuguuni. "Hodi, dalali."

"Karibu, mama. Unatafuta nyumba?"

"Sitafuti mume. Ndiyo, nyumba."

"Umefika mahali pake. Kuona ni kiganja kimoja cha ndago. Ukipenda, kodi ni ya miezi sita, unaweka yote mbele. Na fungu langu mimi mwenyewe, la miguu."

"Miguu yako inakula?"

"Inachoka, mama."

Bi Ngiri akafukua ndago kwa pua, akampa kiganja kimoja. Wakaenda.

Shimo la kwanza lilikuwa fupi. Bi Ngiri aliingiza kichwa, akaingiza mabega, likaishia hapo. Makalio yote yalibaki nje yanaota jua.

"Hili si shimo," akasema. "Hili ni kofia."

"Lina hewa," akasema Nyani. "Wengine wanatafuta hewa hawapati."

"Chui naye anapenda nyama yenye hewa. Twende kwingine."

Kiganja kingine. Wakaenda.

Shimo la pili lilikuwa refu, pana, zuri la kupendeza. Lakini lilikuwa bondeni, na kando ya mdomo wake palikuwa na takataka za majani zilizolala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Bi Ngiri akaziangalia.

"Dalali, maji hupita hapa."

"Ndiyo uzuri wake, mama. Maji yanakufuata nyumbani. Wenzako wanaenda mtoni."

"Na mimi nitaenda mtoni, nimelala. Twende kwingine."

Kiganja kingine. Wakaenda.

Shimo la tatu lilikuwa juu ya kimwinuko. Mdomo wake ulielekea magharibi, upepo wa masika haukuweza kuingia. Udongo wa ndani ulikuwa mkavu, wenye baridi ya kupoza. Watoto wakaanza kunusa nusa na kusukumana. Bi Ngiri moyo wake ukasema, ndilo hili. Lakini mdomo wake haukusema kitu. Mwenye akili hatabasamu mbele ya dalali.

"Hili kiasi gani?"

"Mafungu matatu kwa mwezi."

Kabla hajajibu, Tumbili akatokea anakimbia, anahema. "Dalali, lile shimo bado lipo? Nina mtu wangu, anatoa manne."

"Umesikia, mama," akasema Nyani. "Sasa ni manne."

Bi Ngiri akamtazama Tumbili. "Wewe si unalala juu ya mgunga? Shimo la nini?"

"La shemeji yangu."

"Shemeji yako naye si tumbili?"

Tumbili akajikuna shingo. "Anaumwa miguu. Anatoa matano."

"Ni matano, mama," akasema Nyani. "Lipa leo. Jua likizama litakuwa limekwenda."

Matano kwa miezi sita. Bi Ngiri hata akifukua usiku na mchana mpaka pua iote sugu, hayafiki. Akatazama mawingu. Yalikuwa yamesogea.

"Dalali," akasema, "mwenye shimo ni nani?"

"Yuko safarini. Mimi ndiye mdomo wake."

"Jina lake?"

"Hapendi litajwe."

"Haya. Kuona nimelipia?"

"Umelipia."

"Basi ngoja nione kama makalio yangu yanaenea."

Nyani akacheka. "Chungulia kwa kichwa, kama wenzako."

"Wenzangu wamechungulia kwa kichwa wakakulipa wewe. Mimi nitaona kwa upande mwingine."

Ngiri wana desturi yao. Ngiri mgeni huingia shimoni kwa uso, anatanguliza pua kwa adabu. Mwenye nyumba huingia kinyumenyume, anatanguliza makalio, kwa sababu hana wa kumwomba ruhusa. Nyani hakuijua desturi hiyo. Angeijua vipi, naye mtu wa mtini?

Bi Ngiri akawaambia wanawe, "Piteni." Akapita mmoja, wakapita wawili, wakapita watatu, mpaka ndani kabisa. Kisha akageuka, akapiga magoti, akarudi nyuma taratibu, mpaka ikabaki sura yake tu mlangoni, na meno yake mawili makubwa yaliyopinda, moja huku, moja huku.

Nyani akangoja. Kivuli kikahama.

"Mama, umeona?"

"Naona."

"Basi toka."

"Sijamaliza kuona."

Na akaimba, sauti yake nene inatoka ardhini:

*Nimelipia kuona, bado naona,*
*Nimelipia kuona, bado naona,*
*Aliyechimba aje tuonane,*
*Mimi nipo, bado naona.*

Siku ya kwanza Nyani alikuja na fimbo. "Toka, mwizi we."

"Nimeiba nini? Nilipokujia nilikuwa na ndago, sasa ninazo? Ziko kwako. Tafuta mwizi kwa kufuata mali."

Nyani akaingiza fimbo amchokoe. Bi Ngiri akainua kichwa mara moja tu. Kah. Fimbo ikawa vipande viwili, na Nyani akabaki ananyonya kidole. Bi Ngiri akaimba tena, nanyi mwitikieni:

*Nimelipia kuona, bado naona,*
*Aliyechimba aje tuonane.*

Siku ya pili Nyani alikuja na maneno matamu. Akachuchumaa mbali kidogo na yale meno.

"Dada yangu, tusigombane. Nakupunguzia. Lipa matatu kama mwanzo."

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nani?"

"Mwenye shimo. Yuko safarini, nawe unampunguzia mali yake bila kumwuliza? Ama ni mpole sana, nataka nimshukuru, ama hayupo kabisa. Nenda kamlete."

Nyani akaenda. Alasiri akarudi na mtu amepakwa tope mwili mzima, amefungwa majani makubwa mawili kichwani kama masikio.

"Huyu hapa mwenyewe. Amerudi safari."

Yule mtu akakohoa. "Mama, toka shimoni mwangu. Nimelichimba kwa mikono yangu."

Bi Ngiri akamtazama kuanzia majani mpaka mkia. Mkia ulikuwa mrefu, mwembamba, wa kuning'inia matawini.

"Pole na safari, baba. Nimefurahi kukuona. Kuna jiwe hapa linanichoma ubavu. Nichimbie shibiri moja tu hapa mlangoni, nijue mkono wako, nitoke."

Yule mtu akamtazama Nyani. Nyani akatazama mawingu. Yule mtu akaanza kukwaruza ardhi ya Kikweta, kwaru, kwaru, kwaru. Ukucha wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika. Wa tatu ulipokatika akalia, tope likamwanguka usoni, na chini yake alikuwa Tumbili.

"Msalimie shemeji yako," akasema Bi Ngiri. "Miguu inaendeleaje?"

Lakini usidhani alikuwa anacheka moyoni. Siku mbili alikuwa hajala. Alitafuna mizizi iliyoning'inia darini, michungu kama shubiri, na watoto walimnyonya mpaka anaona vimulimuli. Akitoka kwenda kula, shimo limekwenda. Asipotoka, maziwa yatakauka. Na mawingu sasa yalikuwa juu ya kichwa. Akayauma meno yake, akabaki pale pale.

Siku ya tatu Nyani hakuja peke yake. Alikuja na majirani.

Alikuja na Bi Nguchiro, mama wa watoto saba, na Mzee Kenge, na wengine nyuma yao. Nyani alikuwa amewaambia, "Mwenye mashimo amekasirika kwa ajili ya huyu ngiri. Asipotoka leo, kodi ya kila mtu inapanda." Basi wamekuja wamevimba.

Hapo ndipo Bi Ngiri alipoumia. Fimbo ya dalali haiumi kama uso wa jirani.

Bi Nguchiro akaanza. "Wewe mwanamke una nini? Sisi tumelipa. Mimi nimelipa mpaka wanangu mbavu zinahesabika. Wewe makalio yako ya dhahabu, ukae bure?"

"Umemlipa nani?"

"Si Nyani huyu?"

"Alichimba yeye?"

"Ni mdomo wa mwenyewe."

"Mdomo nimeuona. Nauliza mikono. Nyani, waonyeshe jirani zangu viganja vyako."

Nyani akaficha mikono nyuma. Mzee Kenge, ambaye husemwa hasikii, siku hiyo alisikia. Akamzunguka, akaitazama. Ilikuwa laini kama ya bibi harusi.

"Sasa sikilizeni," akasema Bi Ngiri. "Siku tatu niko humu, kazi yangu ni kuona. Nimeona ukuta. Ukutani kuna alama za kucha, nne nne, pana kama jembe. Mzee Kenge, kwako ukutani kuna nini?"

Mzee Kenge akafikiri. "Kuna mistari."

"Mingapi?"

"Minne."

"Bi Nguchiro, kwako?"

Bi Nguchiro aliondoka mbio hadi shimoni kwake, akaingia, akatoka. Uso ulikuwa umebadilika.

"Nne nne," akasema. "Nimelala nazo mwezi mzima, sikuziona."

"Ulikuwa unafukua ndago za kumlipa huyu. Ungeona saa ngapi?"

Nyani akapiga ardhi. "Mnamsikiliza mtu anayelala kichwa nje? Lipeni, mvua inakuja. Nina wateja."

"Nyamaza," akasema Mzee Kenge. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia Nyani nyamaza tangu kiangazi kianze, na neno lenyewe lilimpendeza Mzee Kenge, akalirudia. "Nyamaza."

Bi Nguchiro akasema, "Dada, wewe usitoke hapo. Nitamtafuta mimi mwenye kucha."

Alfajiri Bi Nguchiro alitoka, umande haujakauka. Hakufuata maneno ya mtu, alifuata udongo. Penye udongo mbichi pamepita mchimbaji. Akapita kichuguu kilichobomolewa, akapita cha pili, na kwenye cha tatu akakuta mkia mnene umetokeza shimoni na mchanga unaruka nyuma kama makapi yanayopepetwa. Akauvuta mkia.

Akatoka mtu hajapata kumwona. Masikio ya punda, mgongo wa nguruwe, pua ndefu isiyo na mwisho, na kucha nne nne, pana kama jembe. Alikuwa Muhanga. Yeye hutembea wenzake wakilala, hulala wenzake wakitembea, ndiyo maana wanyama wa mchana wa Kikweta waliishi ndani ya kazi yake bila kulijua jina lake.

"Baba," akasema Bi Nguchiro, "kuna mgogoro wa nyumba zako."

"Nyumba zipi?" akasema Muhanga. "Mimi nakwenda kulala."

"Ukimaliza utalala."

Wakafika kimwinukoni, na majirani wote wapo, na Nyani yupo, kwa sababu mwongo hukaa mpaka mwisho akitumaini. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, tap, tap, yanatoboa vumbi.

Muhanga akaweka kucha zake juu ya alama za mlangoni. Zikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Ndiwe mwenye shimo hili?" akauliza Bi Ngiri. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini kichwa alikishika juu.

Muhanga akanusa. "Lilikuwa la mchwa. Niliwala, nikaondoka."

"Kodi yako kwa mwezi ni mafungu mangapi?"

"Mafungu ya nini?"

"Ndago."

"Mimi sili ndago."

Majirani wakageuka wakamtazama Nyani.

"Huyu anasema yeye ni mdomo wako," akasema Bi Ngiri.

Muhanga akainua ile pua yake, ndefu, yenye vumbi la mchwa. "Mdomo wangu ni huu hapa, na una kazi ya kutosha. Huyu simjui."

Nyani akasogea akiinama inama. "Mzee wangu, hukunielewa. Mashimo yote haya ni mali. Tunaweza kugawana. Wewe unachimba, mimi natafuta wateja."

"Nigawane nini? Nikitaka shimo nachimba," akasema Muhanga. "Lala, mama. Laleni wote. Ila mchwa wakirudi humo, nami nitarudi, na sitapiga hodi." Akaondoka zake, hata kwaheri hakuaga. Watu wa kazi hawana adabu nyingi.

Mvua ikashuka yote. Majirani walimrukia Nyani, akapanda juu ya mgunga, wao wakakimbilia kichuguuni kudai ndago zao. Wakakuta rundo kubwa limeoza chini na limeota juu. Alikusanya asichoweza kula. Hawakurudishiwa hata moja. Haki walipata, mali hawakupata, ndivyo mambo yalivyo, msije mkadanganywa na wanaosimulia vizuri.

Kila mtu akarudi shimoni kwake. Na kuanzia siku hiyo wote waliingia kinyumenyume, hata Mzee Kenge, aliyekwama mara mbili.

Mvua haikukatika. Mtini maji yanachuruzika, upepo unatikisa, radi inapiga. Nyani akashuka, amelowa, anatetemeka, amekuwa mdogo kama paka. Akaenda kwa Bi Nguchiro, akakuta meno. Akaenda kwa Mzee Kenge, akakuta taya. Akaenda kwa Bi Ngiri.

Ndani watoto watatu walikuwa wamelala wamebanana, wakavu, wanatoa mvuke. Mama yao alikuwa mlangoni.

"Dada yangu," akasema Nyani, "si mwenyewe amesema shimo halina bei? Nisogezee nami nijibanze."

Bi Ngiri akamtazama, mvua inatiririka kati yao.

"Halina bei," akasema. "Lakini lina mlango, na mlango ni mimi."

Nyani akakaa pale nje, akajikunja, akakumbatia magoti, mgongo kwa mvua. Mpaka leo ukimwona nyani wakati wa masika, amekaa hivyo hivyo. Watu husema anawaza. Hawazi kitu, amekosa pa kwenda.

Basi, wenye masikio, chukueni hili. Anayekuuzia, mwulize kama ni yeye aliyechimba. Anayekuambia lipa leo, kesho halipo, huyo anakimbia swali, nawe usimkimbilie. Na ukipata mahali pa kusimama, simama, hata jirani zako wakikutukana. Wengine hawaoni ukuta wa nyumba zao mpaka mmoja akatae kutoka.

Hadithi yangu imefunga mlango. Niliipokea bure kwa bibi yangu, nanyi ichukueni bure. Akija mtu kuwatoza kwa kuisikiliza, mtazameni viganja.